Notisi ya Kufungiwa Machinjio ya Kuku: Jinsi ya Kuijibu na Kupita Ukaguzi wa Marudio

Simu ninayopigiwa huwa ni ileile. Mtu amesimama katikati ya machinjio yenye rangi mbichi, karatasi ya mkaguzi mkononi, na ameangushwa tena. Amenunua vigae, amepaka rangi, ameajiri kijana wa kupiga deki. Kuku wako bandani wanakula pumba kila siku, na hoteli aliyokuwa akiiuzia imeshahamia kwa jirani.

Mkaguzi hakuja kutazama rangi. Anaangalia njia anayopita kuku, kuanzia tenga hadi friza, na kwenye njia hiyo anatafuta mahali ambapo uchafu wa kuku mmoja unahamia kwa mwingine. Kisha anatafuta ushahidi kwamba mnafanya kazi vizuri hata siku asiyokuwepo. Ukishughulikia hayo mawili utapita hata kama ukuta una nyufa mbili tatu za plasta.

Nimeandika kwa ajili ya machinjio madogo ya Tanzania Bara, yale ya kuku hamsini hadi mia tano kwa siku. Zanzibar ina sheria na mamlaka zake, ingawa kazi yenyewe ya usafi haina tofauti kubwa.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Usianze hatua yoyote kabla hujavikusanya hivi. Vingi ni vya bei ndogo kuliko ndoo ya rangi.

- Nakala mbili za notisi na za taarifa ya ukaguzi
- Vipimajoto viwili vya kuchoma kwenye nyama
- Karatasi za kupimia klorini na kikombe chenye alama za mililita
- Jiki isiyo na harufu wala rangi ya kuongezwa, yenye asilimia iliyoandikwa kwenye chupa
- Sabuni ya maji, brashi ngumu na mpira wa maji
- Gambuti na aproni za rangi mbili tofauti
- Visu seti mbili na mapipa ya taka yenye mifuniko
- Manjano ya unga, robo kilo (matumizi yake utayaona Hatua ya 3)
- Daftari gumu lenye kurasa zilizopigwa namba

## Hatua ya 1: Soma notisi kama mwanasheria, si kama mtu aliyekasirika

Angalia juu kabisa ya karatasi: nani ameiandika? Machinjio ya kuku yana wakubwa zaidi ya mmoja. Bwana afya wa halmashauri hutumia Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009. Upande wa mifugo kuna Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003 na Sheria ya Tasnia ya Nyama ya 2006, ambayo ndiyo iliyoanzisha Bodi ya Nyama. Ukisindika na kufungasha kwa nembo yako, utakutana pia na TBS, yaani Shirika la Viwango.

Kwa nini hili ni muhimu? Kwa sababu watu humjibu asiyewaandikia. Nimeona mtu akihangaika wiki mbili kutafuta kibali cha ofisi moja, kumbe aliyemfungia ni ofisi nyingine kabisa, na muda wa notisi ukamwishia njiani. Na kama bado umetundika ukutani cheti cha TFDA, ile mamlaka ya zamani ya chakula na dawa, ukidhani kinakulinda, kishushe. Kazi za usalama wa chakula zilihamia TBS mwaka 2019.

Sasa chukua kalamu, uzungushie duara vitu vinne: sheria na kifungu kilichotajwa, kila kasoro iliyoandikwa, tarehe ya mwisho, na unachoamriwa. "Rekebisha" na "funga" ni maneno mawili tofauti. Kama unaruhusiwa kuendelea huku ukirekebisha, usifunge kwa hofu. Kama umeambiwa funga, ruka moja kwa moja hadi Hatua ya 2.

Kasoro ikiwa imeandikwa kwa jumla mno, kama "mazingira machafu", andika barua fupi kwa heshima ukiomba ufafanuzi wa eneo na kitu gani hasa. Unayo haki ya kujua unachotuhumiwa. Usiombe kwa mdomo tu.

Onyo. Kuna atakayekuambia "malizana naye". Usithubutu. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inambana mtoaji sawasawa na mpokeaji, na kasoro itakuwa bado ipo siku mkaguzi mwingine atakapohamishiwa wilaya yako. Mkaguzi akikudai yeye, muombe kitambulisho, andika tarehe na saa, uende TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa.

## Hatua ya 2: Simamisha kazi kweli, na uamue nyama iliyobaki

Kuchinja usiku ukiwa umefungiwa hugeuza kosa la usafi kuwa kosa la kukaidi amri. La kwanza hurekebishika kwa brashi. La pili linaweza kukupeleka mahakamani.

Nyama iliyozuiliwa isiguswe mpaka mkaguzi aseme. Ihesabu, ipime uzito, iandike, muombe atie saini. Ikiamriwa iteketezwe, iteketezwe mbele yake, na ubaki na karatasi. Wako wanaoipeleka kwa wafuga kambale au wafuga mbwa wakiona ni hasara kutupa. Bila ruhusa ya maandishi, hilo ni kosa jipya, na njia ya ugonjwa kurudi mtaani.

Zikichukuliwa sampuli, omba zifungwe na kuandikwa mbele yako, na ubaki na orodha yake.

## Hatua ya 3: Jaribio la mfuko wa manjano

Hii ndiyo hatua ambayo karibu kila aliyefeli aliiruka, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Huwezi kuchinja, lakini unaweza kuigiza. Chukua mfuko wa kitambaa, ujaze mchanga upate uzito wa kuku, kilo moja na robo hivi. Loweka manjano kwa maji kidogo iwe rojo, uupake mfuko wote. Huyo ndiye kuku wako. Manjano ndiyo kinyesi, damu na vijidudu usivyoviona: Salmonella na Campylobacter, ambao hukaa tumboni mwa kuku mzima wa afya bila kumuumiza.

Waite wafanyakazi wote wakae kwenye nafasi zao za kila siku. Usiwaambie lengo. Waambie tu wampitishe "kuku" kama kawaida: kutoka tengani, kwenye koni (anapoingizwa kichwa chini atoke damu), kwenye maji moto, kwenye kunyonyoa, mezani, kwenye beseni, hadi kwenye mizani na friza. Fanya na mifuko mitano, si mmoja, kwa sababu tabia mbaya hutokea mikono ikizoea kasi.

Halafu wasimamishe wote walipo, uwashe taa, utafute manjano.

Mara ya mwisho nilipofanya jaribio hili tuliyakuta kwenye mpini wa friza, kwenye swichi ya taa, kwenye kalamu ya kuandikia oda na kwenye simu ya mwenye machinjio. Yeye mwenyewe hakuwa amegusa kuku hata mmoja. Alikuwa amepokea kalamu. Beseni la kuoshea lilikuwa la njano tupu, na mfuko wa tano ulitoka humo ukiwa mchafu kuliko ulivyoingia. Mbele ya beseni lile kila mtu alinyamaza. Ndilo walilokuwa wakiliita "la kusafishia".

Chora ramani ya chumba na uweke alama kila palipokutwa rangi. Ramani hiyo ndiyo orodha yako ya kazi, na baadaye itakuwa kiambatisho cha barua yako.

Manjano yana faida nyingine: yakikutana na sabuni yenye magadi hugeuka mekundu. Ukiona mstari mwekundu chini ya meza, ujue hapo sabuni huwa haisuuzwi.

## Hatua ya 4: Tenganisha mchafu na msafi

Kanuni yangu ni fupi: maji yaende kinyume na kuku. Kuku anatoka upande mchafu kuelekea msafi. Maji ya sakafuni yatoke msafi kuelekea mchafu. Mwaga ndoo moja karibu na friza uone yanakokwenda. Yakikusanyika pale pa kufungashia, hapo ndipo pa kumwaga zege, kabla ya kununua kigae chochote.

Kupokea, kuchinja, kuchovya na kunyonyoa ni upande mchafu. Kutoa matumbo kuwe na sehemu yake. Kuosha, kupoza na kufungasha ni upande msafi. Kama chumba ni kimoja, jenga ukuta wa katikati wenye dirisha dogo la kupitishia kuku, si mlango wa kupita watu. Kama ukuta haujengeki kwa sasa, jadiliana na mkaguzi kuhusu kutenganisha kwa saa: mkimaliza kuchinja na kunyonyoa wote, mnaosha chumba, mnabadilisha aproni, ndipo mnaanza kupasua. Mpate jibu lake kwa maandishi.

Gambuti nyeusi upande mchafu, nyeupe upande msafi. Rangi inamfanya kila mtu awe mkaguzi. Gambuti jeusi likivuka, hata mfagiaji ataliona.

Beseni la pamoja liondoke. Kuku aoshwe kwa maji yanayotiririka, ndani na nje, kabla ya kuingia kwenye maji ya kupoza.

Utajua umefaulu ukirudia jaribio la manjano na rangi ikaishia kwenye dirisha dogo.

## Hatua ya 5: Osha kwanza, klorini baadaye

Mpangilio ni huu, na haubadiliki: zoa uchafu mkavu, suuza, sugua kwa sabuni na brashi, suuza tena, ndipo klorini. Klorini ikikutana na damu au mafuta inaishia kupambana nayo, vijidudu vinabaki salama chini yake. Anayemwaga jiki juu ya damu ananunua harufu tu.

Kiasi cha jiki hupatikana hivi: zidisha lita za maji kwa nguvu unayotaka (sehemu kwa milioni), kisha gawa kwa asilimia ya chupa iliyozidishwa mara kumi. Kwa jiki ya asilimia 3.5:

- Meza, visu na sakafu, nguvu 200: lita 20 za maji, mililita 115 za jiki.
- Maji ya kupozea kuku, nguvu 50: lita 100 za maji, mililita 143 za jiki.

Hiyo ya pili muulize kwanza mkaguzi na mteja wako. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, hauruhusu kuku aliyeoshwa kwa klorini. Na usizidishe ukidhani unaongeza usafi.

Pima kwa karatasi kila mara. Jiki iliyokaa juani dirishani hupoteza nguvu, na chupa haitakuambia.

Onyo la uhai. Usichanganye jiki na siki, wala dawa ya kuoshea choo, wala tindikali yoyote. Hutoa gesi inayounguza mapafu, na chumba cha machinjio mara nyingi kina dirisha moja tu.

Kama unatumia maji ya kisima, peleka sampuli maabara ya maji ya Wizara ya Maji iliyo karibu nawe. Majibu yake ni karatasi ambayo mkaguzi ataiulizia, na huchukua siku kadhaa, kwa hiyo peleka leo.

## Hatua ya 6: Joto, palipo na ukweli wote

Kwanza hakiki kipimajoto. Jaza glasi barafu iliyopondwa, ongeza maji kidogo, koroga, chomeka. Kisome nyuzi 0. Usihakiki kwa maji yanayochemka kama uko Arusha au Mbeya. Kwa mwinuko wa huko maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi au chini kidogo, na utakilaumu kipimajoto kizima.

*Kabla ya kuchinja.* Wanyime kuku chakula kwa muda wa saa 8 hadi 12, maji waachiwe. Utumbo uliojaa hupasuka mezani, na hapo hakuna klorini itakayokuokoa. Mkaguzi wa nyama awaone wakiwa hai, na awaone tena baada ya kupasuliwa. Tenga ndoo ya kuku waliokataliwa, yenye mfuniko na alama.

*Damu.* Dakika moja na nusu angalau kwenye koni, hadi kuku aache kupumua kabisa. Kumchovya anayepumua ni ukatili unaogusa Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, na pia huvuta maji machafu ya pipa hadi mapafuni.

*Maji ya kuchovya.* Kwa broila, nyuzi 58 hadi 60, dakika moja hivi. Wa kienyeji anahitaji moto zaidi kidogo. Yakipoa, manyoya hayatoki na pipa linakuwa supu ya vijidudu. Yakizidi, ngozi huiva na kuchanika kwenye mashine. Maji yabadilishwe yakiwa mazito, si jioni tu kwa sababu ndivyo mlivyozoea.

*Visu.* Maji ya nyuzi 82 kila baada ya kisu kugusa utumbo uliopasuka. Ndiyo maana ya seti mbili: kimoja kiko mkononi, kingine kiko majini.

*Kupoza.* Choma kipimajoto kwenye kifua, sehemu nene, bila kugusa mfupa. Lengo ni nyuzi 4 au chini yake, ndani ya saa nne tangu kuchinjwa. Anza na kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya nyama. Dar es Salaam mwezi Februari, bomba likitoa maji ya uvuguvugu, haitatosha. Ongeza mpaka kipimajoto kikubali.

Hapa wengi hudanganywa na friza. Wanamwingiza kuku wa moto moja kwa moja wakidhani baridi kali ndiyo salama. Akirundikwa na wenzake thelathini, wa katikati hukaa na joto lake kwa saa nyingi, na anawapasha moto waliokuwa wameshaganda. Poza kwa barafu kwanza, gandisha baadaye, na friza ishikilie nyuzi 18 chini ya sifuri.

## Hatua ya 7: Watu na taka

Kila anayegusa nyama awe na cheti cha kupimwa afya kisichozidi miezi sita, na cheti kiwepo machinjioni, si nyumbani kwake. Kidonda mkononi, kuharisha au homa: akafanye kazi ya tengani au apumzike. Ukimkata posho ya siku hiyo ataficha kuhara, nawe utakuwa umemfundisha kuficha.

Sinki la mikono liwe na sabuni na maji yanayotoka bila kushika bomba kwa mkono mchafu. Ndoo yenye koki ya kusukuma kwa kiwiko inatosha.

Damu isiingie mtaroni. Ikusanyeni kwenye ndoo, iende shimoni lililofunikwa au kwa mzoaji mwenye kibali. Manyoya na matumbo yatoke siku hiyohiyo. Majirani wanaolalamikia harufu ndio walioita wakaguzi wengi ninaowafahamu.

## Hatua ya 8: Daftari lisilodanganya

Safu kumi zinatosha: tarehe, saa, idadi na aliyewaleta, waliokataliwa, joto la kuchovya, klorini, joto la kifua, kasoro iliyoonekana, kilichofanyika, saini.

Niliwahi kuonyeshwa daftari safi ajabu. Kalamu moja, mwandiko mmoja, nyuzi 4.0 kila siku kwa miezi miwili. Hata sikukuu ya Idi, siku ambayo geti lilikuwa na kufuli, daftarini walichinja kuku 120. Mkaguzi alilifunga bila kusema neno, akaomba kuona risiti za barafu.

Daftari la kweli lina madoa, lina siku ya nyuzi 7 na maelezo pembeni: "umeme ulikatika saa 5, tumeongeza barafu, saa 7 ikasoma 4." Mstari huo unakusaidia kuliko kurasa kumi zisizo na kosa, kwa sababu unaonyesha mnapima na mnajua la kufanya.

Anza kulijaza tangu siku ya kuosha, hata kabla ya kuchinja. Andika klorini, hakiki za vipimajoto, joto la friza.

## Hatua ya 9: Barua, kisha siku yenyewe

Barua ijibu kasoro moja moja, kwa namba zilezile za notisi. Usiandike "tumefanya usafi wa jumla". Andika hivi:

"Kasoro Na. 3, maji machafu eneo la kufungashia. Sababu: sakafu iliinama kuelekea friza. Kilichofanyika: sakafu imemwagwa upya, maji sasa yanaelekea chemba ya upande wa kuchinjia. Msimamizi: fundi sakafu na msimamizi wa zamu. Imekamilika tarehe… Picha Na. 5 na 6."

Kasoro ambayo hujaimaliza, iseme kabla hajaiona, na utoe tarehe. Usiyokubaliana nayo, eleza sababu na uombe ipitiwe upya na ngazi ya juu ya ofisi hiyohiyo, ukiwa ndani ya muda wa notisi. Hapo ndipo senti ya wakili huwa na maana. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo.

Kwenye barua hiyo omba ukaguzi ufanyike kazi ikiendelea, kwa kundi dogo la majaribio chini ya usimamizi wake. Machinjio makavu yanayong'aa hayathibitishi kitu, na wengi hufeli wiki ya pili baada ya kufunguliwa.

Siku ikifika, mwenye kuzungumza awe mmoja, lakini maswali ya mezani ajibu aliye mezani. Mkaguzi akimuuliza binti wa kupoza "unajuaje amepoa?", jibu bora ni yeye kuchukua kipimajoto na kuchoma. Ukimrukia kumjibia, umefeli swali.

"Haya, fungueni tu" si kibali. Mwambie asante, kisha omba barua au saini kwenye taarifa ya ukaguzi inayosema kizuizi kimeondolewa, na tarehe. Usiwashe pipa la maji moto kabla haijafika.

Siku ya kwanza chinja thelathini tu. Pima kifua cha kuku wa kwanza, wa kumi na tano na wa mwisho. Wa mwisho akisoma nyuzi 4 ndani ya saa nne, kesho ongeza hadi sitini.